Debe la Ziada

JUMATATU, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma cha hoteli ya Siti, Bukoba mjini, kilikuwa na mlango mmoja, dirisha lililopigiliwa mbao na meza inayochechemea. Clavery alichovya kidole kwenye chai, akachora barabara juu ya meza. Akaweka punje za maharage mahali pa vijiji.

Kishanda. Muleba. Kanazi. Izimbya.

Upande wa mbele wateja walikuwa wanagombania ukubwa wa chapati.

Clavery alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alisoma seminari, akatoka. Akawa katibu wa ushirika, akatolewa. Alibaki na sauti ya kusomea watu barua, na mhuri mmoja ambao, kwa maelezo yake, aliusahau mfukoni siku ya kuondoka.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Jumapili, misa ya pili Kishanda inaanza saa tano. Kijiji kizima kinakuwa kanisani. Ghala la kahawa lina mlinzi mmoja, mzee. Wataingia kwa barua yenye mhuri. Barua ikishindwa, wataingia kwa kamba. Magunia manane ya kahawa iliyokobolewa, basi. Halafu maili hamsini za vumbi mpaka Izimbya, ambako Bashiri, mdogo wake Siti, atakuwa na lori la ndizi lenye kibali cha kutembea Jumapili. Kahawa chini, ndizi juu, lori mpakani. Mpakani kuna watu wasiouliza gunia limezaliwa wapi.

"Bashiri anaondoka saa nane kamili," Siti alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, sikio moja ndani, moja kwa wateja. "Kibali kina saa. Hata mimi dada yake hanisubiri."

Saa nane ndiyo iliyokuwa roho ya mpango wote. Mwaka ule wa sabini na saba petroli ilikuwa haba, na amri ilishatoka: gari la mtu binafsi lisionekane barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwanzo wa Izimbya kulikuwa na kizuizi, mti mrefu juu ya mapipa mawili. Kabla ya saa nane mti unakuwa umesimama na mgambo wanakula. Ikigonga saa nane, mti unalala. Ukikutwa upande wa huku unapekuliwa mpaka soksi.

Karugendo akauliza watatumia gari gani. Yeye ndiye dereva. Miaka kumi alibeba kahawa kwa lori, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne.

"Padri," Clavery akajibu.

Karugendo alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Padri ilikuwa Land Rover ya mwaka hamsini na tisa. Misheni ilimtumia mpaka akachoka, ikamuuza kwenye mnada kama chuma. Clavery akamnunua. Mlangoni msalaba ulikuwa bado unaonekana chini ya rangi. Akiwa na mzigo, kutoka Kishanda mpaka Izimbya, Padri alihitaji saa tatu na nusu, kama angefika. Wao walikuwa na saa mbili na robo.

Wote wakamgeukia fundi.

Ildefons alikuwa amekaa kwenye gunia la mkaa, shavu moja limetuna. Alikuwa anatafuna akamwani, kahawa ya kuchemshwa na kukaushwa, kama Wahaya wanavyofanya wakiwaza au wakipokea wageni. Ildefons aliwaza kutwa. Alikuwa na miaka arobaini na mikono isiyotakata hata Pasaka. Ishirini kati ya hiyo arobaini alikuwa anaponya magari ya watu, na yeye mwenyewe hana hata baiskeli. Mama yake, bibi Joviana, alikuwa amepelekwa hospitali mara tatu, na mara zote tatu alibebwa mabegani kwenye machela ya fito, fundi wa magari akitangulia kwa miguu kufyeka umande. Mara ya tatu mama alimwambia, bila hasira, kwamba angependa kabla hajafa akae mara moja kwenye kiti cha mbele cha gari la mwanawe.

Maneno yale yalimkaa kooni kuliko kahawa.

"Naweza kumpunguzia saa moja na robo," alisema. "Spea zipo?"

"Hazipo."

"Fungu la kununulia?"

"Halipo."

"Basi tutamtibu kwa viungo vyake mwenyewe." Akahamisha kahawa shavu la pili. "Akifika Izimbya kabla ya saa nane, Padri ni wangu. Na kadi yake."

Clavery akakubali. Alikubali haraka, kama mtu anayetoa kitu ambacho hakitakuwepo. Siti aliliona hilo. Hakusema. Katika kazi yake kuona ni bure, kusema ndiko kunakogharimu.

JUMANNE, SAA MOJA ASUBUHI

Walimficha Padri Kanazi, katikati ya migomba ya Karugendo, chini ya banda la kukaushia kahawa. Ildefons akaanza kwa kuzunguka gari bila kugusa chombo. Alilizunguka kama mchinjaji anavyozunguka ng'ombe.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa rahisi: nguvu ya bei rahisi kuliko zote ni kupunguza uzito. Akatoa paa la bati. Akatoa mabenchi ya nyuma, bampa la mbele, milango ya nyuma, ndoano ya kuvutia, na sanduku la vyombo vya misa lililosahauliwa chini ya kiti. Tairi la akiba likabaki nyumbani. Karugendo akauliza wakipata pancha itakuwaje. Akajibiwa kwamba wakipata pancha watakuwa wameshakamatwa, kwa hiyo tairi litakuwa la nani?

Kanuni ya pili: gari lipumue. Alifungua hedi, kichwa cha injini, akakwangua masizi kwa kijiko cha mke wa Karugendo. Akasaga valvu. Unga wa kusagia haukuwepo dukani, mkoa mzima wa Ziwa Magharibi, hivyo alisugua jiwe la kunolea likawa vumbi, akalichanganya na oili. Ekzosti aliichoma juu ya magogo mpaka ikatema uchafu wa miaka kumi na minane. Plagi akazisugua kwa mchanga. Nafasi ya platini, zinazopeleka cheche kwenye plagi, aliipima kwa wembe.

Kanuni ya tatu ilikuwa ya hatari: chochote kinachokula nguvu, toa. Akatoa feni. Karugendo akashika kichwa. Ildefons akaeleza polepole kwamba feni inaiba nguvu ya kupandia mlima. Bila feni Padri atapanda kama kijana, ila atachemka, kwa hiyo watasimama mara moja tu kumwagilia maji, kwenye kijito kilicho chini ya kizuizi.

Mwisho alifungua kabureta. Chini yake, nyuma ya bolti moja, kulikuwa na jeti: kipande cha shaba chenye tundu jembamba, ambapo petroli yote ya injini inapita. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya kahawa. Alipanua lile tundu kwa sindano ya cherehani iliyonolewa, akizungusha kidogo, akipuliza, akitazama juani. Ilimchukua siku nzima. Angezidisha unywele mmoja, Padri angekunywa mafuta yote kabla ya Muleba. Jeti nyingine haikuwepo.

Felicitas, mke wa Karugendo, alileta ndizi na maharage. Alimwita Ildefons shemeji, na haikuwa kwa mdomo tu. Miaka kumi na miwili nyuma Ildefons alimvuta Karugendo chini ya lori lililoanguka, chini yake kikabaki kidole kimoja tu. Baada ya hapo wakala omukago. Punje moja ya kahawa iligawanywa mara mbili. Kila mmoja alichanjwa chini ya kitovu, kila nusu ikapakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu siku ile hawakuwa marafiki tena. Walikuwa damu. Na kila Mhaya anajua: ukimsaliti uliyekula naye omukago, ile punje haijasahau. Inavimba tumboni mpaka inakupasua.

Clavery hawakumwambia. Yeye mambo hayo aliyaita ushenzi, tena kwa Kilatini.

JUMAMOSI, SAA TISA ALASIRI

Walipakia magunia manane ya mchanga wakaenda kumjaribu kwenye kilima cha Kanazi. Wiki iliyopita, kwenye kilima hichohicho, mzee aliyekuwa anasukuma baiskeli aliwapita na kuwapa pole. Safari hii Padri alipanda kwa gia ya tatu, akifoka kwa chini, bila moshi. Juu kabisa Ildefons alizima injini. Karugendo alimwona akifuta jicho na kusingizia vumbi.

Saa kumi na moja Clavery alimwita Karugendo pembeni, nyuma ya migomba. Alikuwa na debe limefungwa kwa majani na gunia. Lilikuwa la mafuta ya taa. Akampa na kibiriti.

Alimweleza kwa sauti yake ya kusoma barua. Gari lenye msalaba mlangoni litatajwa na kila aliyeliona. Kahawa ikishapanda lori, Padri anaingizwa bondeni na kuchomwa. Fundi ataambiwa baadaye, akiwa ametulia.

"Tulimwahidi," Karugendo alisema.

"Gari si mtu, Karugendo."

Karugendo akatia kibiriti mfukoni. Usiku alilirudia lile neno kitandani. Gari si mtu. Omukago ni wa mtu. Alishika tumbo lake gizani akalipapasa. Lilikuwa kama kawaida.

JUMAPILI, SAA TANO NA DAKIKA KUMI ASUBUHI

Kishanda ilikuwa tupu. Kutoka kanisani, juu ya kilima, wimbo ulikuwa unashuka kwa vipande.

Mlinzi wa ghala aliitwa mzee Rugambwa. Alikuwa ameegemea mlango, mkuki magotini. Alimwona Padri, akauona msalaba, akasimama akavua kofia. Clavery akashuka na barua. Ndugu mlinzi, kwa amri ya mkoa, magunia manane ya sampuli yanahitajika leo. Mzee aliipokea barua kwa mikono miwili. Aliutazama mhuri. Hakujua kusoma, lakini aliujua ule mhuri kama anavyoujua uso.

"Vyema," alisema. "Lakini hamjatafuna."

Akaingia kibandani kwake. Clavery akatazama saa. Saa tano na dakika kumi na tano. Mzee akarudi na kikapu kidogo cha ukindu kilichofunikwa, cha akamwani. Mgeni akifika anapewa kahawa, mgeni anapokea. Clavery akasema wana haraka. Mzee akamtazama kama mtu aliyesikia tusi asiloliamini.

Ildefons ndiye aliyenyoosha mkono. Akashukuru kwa Kihaya, akamwita tata, yaani baba, akatia punje shavuni na nyingine kadhaa mfukoni. Karugendo akachukua. Clavery akachukua mbili akazishika kama dawa. Wakatafuna. Dakika sita zikaenda. Tatu za kutafuna, tatu za kuulizana habari za migomba.

Mzee akafungua ghala. Gunia la kwanza, la pili, la tano. Kwenye la sita akauliza: Jumapili, ofisi ya mkoa nani yuko?

Clavery akamwangalia Karugendo. Karugendo akatoa kamba.

Mzee hakupiga kelele. Walimkalisha juu ya gunia lake mwenyewe, wakamfunga mikono kwa mbele ili isimuume, wakamwachia kofia kichwani. Alikuwa anamtazama Ildefons.

"Mmetafuna kahawa yangu," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Ildefons alibeba gunia la saba na la nane bila kuinua macho.

SAA SITA KASORO DAKIKA TANO

Waliondoka wamechelewa dakika kumi.

Karugendo aliendesha. Clavery alikaa katikati, barua imekunjwa mfukoni. Ildefons alikuwa dirishani, mkono nje juu ya bati, akiisikiliza injini kwa kiganja. Barabara ilikuwa kavu. Vumbi lilisimama nyuma yao kama ukuta. Kabla ya Muleba walifidia dakika nne. Muleba yenyewe waliipita taratibu, watu wakiupungia msalaba mkono. Mama mmoja alipiga goti.

"Toa baraka," Karugendo akamwambia Clavery. "Wewe ulisomea."

Clavery hakucheka.

Saa saba kasoro dakika kumi walipita Kanazi. Kilimani Padri alipanda kwa gia ya tatu, magunia manane, watu watatu, na mshale wa joto haujafika mahali pa kutisha. Walikuwa mbele ya muda kwa dakika kumi na mbili. Karugendo alianza kupiga mluzi.

Hapo ndipo Ildefons alipoisikia sauti ngeni.

Chubu. Gari likapinda kona. Chubu.

Alikuwa amekaa siku tano akiondoa kila kinacholia ndani ya gari lile. Alikijua kila kinachobaki: spring ya kushoto, bawaba ya bodi, mnyororo wa nyuma. Hii haikuwa sauti ya gari. Ilitoka nyuma, chini ya turubai, upande wa kulia. Kitu cha majimaji. Debe, na halijajaa sana.

Akaomba wapunguze mwendo, akasema anataka kuangalia kamba za mzigo. Akapanda nyuma gari likiwa linatembea. Akainua turubai. Akavuta majani, akanusa.

Mafuta ya taa.

Padri hanywi mafuta ya taa. Hakuna aliyebeba taa. Alikaa juu ya gunia, upepo unampiga, akayapanga mambo kama anavyopanga sababu za injini kukataa kuwaka. Clavery alivyokubali haraka. Kadi ambayo hakuna aliyeiona. Akainama juu ya bega la Karugendo, akaona mfuko wa shati ulivyotuna mraba mdogo. Kibiriti. Karugendo hajavuta sigara maisha yake yote.

Ilimuuma hiyo ya mwisho. Kadi ni karatasi. Karugendo ni damu.

Akatoa punje mbili mfukoni, akaziweka shavuni.

SAA SABA NA DAKIKA THELATHINI NA MBILI

Walisimama kwenye kijito kama ilivyopangwa. Padri alikuwa anatoa mvuke. Ng'ambo ya bonde, juu kidogo, kila kitu kilionekana wazi kama kimewekwa mezani: mti wa kizuizi umesimama, mapipa mawili, na nyuma yake lori la Bashiri limejaa ndizi kijani. Dakika nane za mwendo. Hazizidi.

Ildefons akawaambia wachote maji wote wawili, na kifuniko cha rejeta wamwachie yeye, kitawaunguza. Wakashuka na ndoo. Alifungua boneti. Spana ilikuwa tayari mkononi. Bolti moja. Petroli ikamwagika kwenye kiganja, baridi. Jeti ikamwangukia vidoleni, akaitupia mdomoni, shavu la kushoto, kati ya punje mbili za mzee Rugambwa. Akarudisha bolti tupu.

Waliporudi alikuwa anafungua kifuniko kwa kitambaa, mtu wa Mungu.

Maji yakaingia. Karugendo akapiga stata. Padri akakohoa, akatema moshi mweusi, akanyamaza. Stata tena. Akazima kabisa, harufu ya petroli ikatanda.

Saa saba na dakika thelathini na tisa.

"Amefurika," Karugendo alisema.

"Hajafurika," Ildefons alisema. "Kuna kitu nimekitoa."

Clavery alishuka taratibu. Viatu vyake vya Jumapili vilizama kwenye tope, hakujali.

"Ildefons. Hatuna muda wa utani."

"Debe la nini?"

Kijito kilikuwa kinaongea peke yake. Ildefons hakumtazama Clavery. Alikuwa anamtazama Karugendo, na Karugendo akatazama chini, na hilo likatosha.

"Nataka kadi," Ildefons alisema.

Clavery akasema kadi iko nyumbani. Ildefons akasema basi andika: una kalamu mbili na mhuri. Andika kwamba mimi Clavery, leo tarehe hii, nimempa Ildefons gari hili. Tia sahihi, gonga mhuri, ninarudisha kitu changu, dakika nane tuko Izimbya. Kwa hesabu yake walikuwa bado na dakika kumi na moja za kuandika.

Na kweli Clavery alitoa kalamu. Alikunjua ile barua ya ghala, akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya boneti. Akaandika "Mimi". Akasimama.

Akili yake ya ukatibu ilikuwa imemfikia. Jina lake, tarehe ya leo, gari lenye mali ya wizi, mhuri wa wizi, karatasi moja.

"Unanitaka nijifunge mwenyewe," alisema.

"Nataka gari langu."

Clavery akaokota hendeli, chuma cha kuzungushia injini, kutoka sakafuni mwa gari, akampiga nayo. Haikuwa pigo la mzoefu. Ilimpata kati ya bega na taya. Ildefons akaanguka chali kwenye tope. Koo lake likafanya kazi mara moja, lenyewe, gluku, na macho yakamtoka.

Karugendo akapiga magoti, akamshika kichwa. Damu ilikuwa mdomoni. Clavery akapiga kelele amtoe, amtoe hicho kitu mdomoni. Vidole vinne vikaingia, vikazunguka. Vikatoka na kahawa iliyotafunwa nusu.

"Iko wapi?"

Ildefons alicheka, na kucheka kulimuuma.

"Imeshuka."

SAA NANE KASORO DAKIKA KUMI NA MBILI

Clavery alizunguka gari mara mbili. Alitazama magunia, akatazama kilima, akafanya hesabu ya kubeba mgongoni, akaiacha. Halafu uso wake ukatulia. Ukawa uso wa siku ya kufunga mafaili.

Chomeni, alisema. Gari na kahawa. Kisichokuwepo hakina mwenyewe. Akavuta debe, akalifungua, akamwagia magunia. Mafuta yalimrukia shatini, kwenye kalamu, hakuona.

Ildefons aliinuka kwa kushika tairi. Hakukimbia. Akapanda kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango wenye msalaba, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Shuka," Clavery alisema.

Hakushuka.

"Karugendo. Washa."

Karugendo alikuwa amesimama na kibiriti mkononi. Ng'ambo, mgambo wawili walikuwa wametoka kwenye kibanda, wanajinyoosha.

"Yumo ndani," Karugendo alisema.

"Atashuka akisikia joto. Washa."

"Ulisema gari si mtu."

"Washa, mjinga wewe!"

Ildefons aligeuza kichwa dirishani. Taya lilikuwa limeanza kuvimba, maneno yalitoka yamejikunja.

"Mukago wangu," alisema. "Ukiwasha, anza na upande wa kulia. Ndiko kuna tenki. Nisikawie."

Karugendo alisikia tumbo lake. Baadaye alimwapia Felicitas kwamba haikuwa hofu, wala njaa. Kulikuwa na kitu chini ya kitovu, kidogo, kigumu, kimegeuka upande. Kimeamka.

Alitupa kibiriti kijitoni. Kikaelea, kikalowa, kikazama.

Clavery alimrukia. Karugendo alimzuia kwa mkono mmoja tu, ule wa vidole vinne, akimshika shati kifuani, bila kumpiga. Walibaki hivyo, wawili wananuka mafuta ya taa, mmoja anatukana kwa lugha tatu. Clavery hakuelewa. Alikuwa amepanga ghala, mlinzi, mhuri, kizuizi, kibali. Alikuwa amewachunguza watu wake miezi miwili. Hakuwahi kuwauliza walikula nini pamoja.

Ng'ambo ya bonde lori la ndizi likatikisika. Moshi ukatoka. Bashiri hakupiga hata honi. Lilipanda polepole, likapinda, likaingia kwenye migomba.

Mti wa kizuizi ukalala.

SAA NANE

Filimbi ilifika kabla ya mgambo. Walikuwa wanashuka kwa baiskeli moja, mmoja anaendesha, mwingine amekaa nyuma na bunduki. Gari la mtu binafsi, Jumapili, saa nane imepita. Hawakujua bado habari za kahawa.

Clavery alijinasua, shati likabaki nusu mkononi mwa Karugendo. Akakimbilia migombani. Hakufika mbali. Akina mama waliokuwa wanatoka kanisani walimkuta njiani, wakamsalimia, wakamuuliza kwa heshima kwa nini mzee wa kalamu mbili ananuka kama kibatari. Wakamkalisha chini wakamzunguka, wakaendelea na rozari mpaka mgambo walipofika.

Karugendo hakukimbia. Alikaa kwenye ngazi ya gari, upande wa dereva. Ildefons alikuwa bado ameshika usukani.

"Ulijua," Ildefons alisema.

"Nilijua la gari tu."

Ildefons akapapasa mfukoni, akapata punje moja ya mwisho. Akaing'ata katikati, nusu akampa. Karugendo aliitazama muda mrefu kabla ya kuipokea.

ALHAMISI, SAA MOJA ASUBUHI

Kesi ilipangwa kusomwa Muleba, na kielelezo namba moja kilitakiwa kifike na miguu yake. Kilikataa kuwaka. Siku tatu Padri, aliyevutwa kwa kamba kutoka kijitoni, alikuwa amesimama uani kwa polisi Bukoba. Mafundi wawili walimfungua, wakakuta bolti haina kitu nyuma yake, wakatafuta jeti ya aina hiyo mji mzima. Haikuwepo. Sajini aliyekuwa zamu akaja mahabusu akauliza ilipo.

Ildefons alimwambia ukweli. Sajini alirudi nyuma hatua moja. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu cha kusaidia. Akaletewa maparachichi manne na sufuria ya uji.

Asubuhi ile Ildefons aliomba maji ya moto, sabuni, na spana. Sabuni ilikuwa kipande cha mwisho cha kituo, na sajini aliitoa. Padri aliwaka kwa stata moja.

Askari aliyejua kuendesha gari lisilo na feni hakuwepo. Kwa hiyo mshitakiwa akaendesha, pingu imefunguliwa, sajini yuko nyuma na bunduki na watuhumiwa wawili. Clavery alikuwa amegeukia barabara, mfuko wa shati la kuazima hauna kalamu. Karugendo alikuwa anapapasa tumbo.

Ildefons alijua Muleba nani anamsubiri. Mzee mmoja mwenye kofia, atakayeulizwa kama anawafahamu hawa watu, na atakayejibu kwa maneno yaleyale matatu. Hakuwa na jibu la maneno yale. Alikuwa amelitafuta kila usiku.

Kanazi, kando ya barabara, alisimama bibi kizee na fimbo. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda kusikiliza kesi ya mwanawe, kwa miguu. Ildefons akapunguza mwendo. Hakuomba. Alitazama tu kwenye kioo.

Sajini alimtazama bibi. Akatazama kilima kilichobaki. Akatazama kiti cha mbele, ambacho hakikuwa na mtu.

"Harakisha apande," alisema. "Na mimi sijaona."

Bibi Joviana alipanda kwa shida, akaweka fimbo katikati ya magoti, akapanga kanga yake. Alipapasa bati la mlango kama anavyopapasa ng'ombe wa jirani.

"Hili gari la nani?" akauliza.

"La serikali, mama," Ildefons alisema. "Ila linanisikia mimi."

Mbele yao kilima cha Kanazi kilisimama, kirefu, chenye mawe. Sajini akajishikilia. Ildefons akaisikiliza injini kidogo kwa kiganja, akatia gia ya tatu.